Batri ya kagari ka telekomandi haisharjiwi watu wakilala



Kwenye mkutano wetu wa mwisho, ndugu yetu daktari aliniuliza swali mbele ya watu wote: "Injinieri, telefone yangu inalala kwenye prizi kila usiku, huu ni mwaka wa tatu, haijatosha hata moshi. Wewe ilikuwa kagari ka batoto tu. Nyumba ilitaka kuungua namna gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, juu jibu lake halikuwa la dakika mbili. Niliahidi kuandika. Siku ileile tulikubaliana pia kwamba likizo kubwa ikifika tutawafanyia watoto wetu mashindano ya magari ya telekomandi, na nilipohesabu mikono ya wazazi nilipata magari 11. Nikauliza ni batri ya namna gani iko ndani. Watatu tu ndio waliojua. Ndiyo maana sikungoja likizo.

Kwanza habari yenyewe, maana wengine mmeisikia nusu nusu.

Ilikuwa Oktoba, wakati ambapo joto la Lubumbashi linafanya malata ya nyumba yatoe moto hata usiku. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Mpango wa kwetu kila mtu anaujua: mbele ya kulala unachomeka kila kitu kwenye prizi, telefone, taa, redio, mashine ya kukata nywele, halafu umeme ukirudi katikati ya usiku kila kitu kinajaa chenyewe. Mtoto wangu wa pili alikuwa na mbio kesho yake na mtoto wa jirani. Batri ya kagari kake niliiunganisha kwenye sharjeri, juu ya meza ndogo ya salo, karibu na fotei. Sharjeri ile haiko kama ya telefone: umeme ukirudi inawasha kioo tu, kisha inangoja mtu abonyeze. Saa saba ya usiku taa ikawaka. Niliamka, nikaenda na macho nusu, nikabonyeza kile kifungo mpaka ikalia, nikarudi kitandani na furaha ya baba aliyetimiza ahadi.

Saa nane na kidogo mtoto aliamka kwenda kukojoa. Akaja mlangoni kwetu: "Papa, mu salo kuko kintu iko nanuka sawa rangi ya kucha." Nilifika nikakuta batri imevimba kama kitumbula. Sikumaliza hata kusema "rudi nyuma". Ilipasuka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, mwali ukatoka upande mmoja kwa nguvu, ukashika fotei na rido. Mama watoto aliwatoa watoto wote nje kwenye lupango. Mimi nilishusha swichi kubwa ya umeme, nikaburuta meza na fotei mpaka barza, tukamwaga beseni mbili za maji ya kufulia na bidoni nzima ya maji ya kunywa. Yote hayo pengine hayakufika dakika tano. Lakini ukuta una doa jeusi mpaka leo, na mimi nilikohoa siku mbili juu ya ule moshi. Asubuhi mama watoto aliniuliza neno moja tu: "Shi ulisema ni kitu ya batoto?"

Sasa jibu la daktari.

Batri ya telefone na batri ya kagari ni ndugu wa tumbo moja, zote mbili ni za lithiamu. Tofauti iko kwenye ulinzi. Ndani ya telefone kuna kibamba kidogo cha elektroniki kilichoshikamana na batri. Kinapima volti, kinaangalia joto, kinakata njia batri ikijaa, kinaikata tena ikishuka sana. Wewe unalala, chenyewe hakilali. Batri ya kagari haina mlinzi huyo. Moteri ya kagari inataka makumi ya ampere kwa mara moja wakati wa kuondoka, basi watengenezaji wanatoa nyaya nene moja kwa moja kutoka kwenye seli, bila kitu katikati. Akili yote inakaa nje: nusu kwenye sharjeri, nusu kwa mtu anayebonyeza. Usiku ule mtu huyo alikuwa amelala akiwa amesimama.

Aina hii ya batri inaitwa lithiamu polima, watu wanasema lipo tu. Seli yake ni mfuko laini wa alumini na plastiki, haina kopo gumu la chuma. Ndani yake kuna tabaka nyembamba zilizokunjwa: upande mmoja grafiti, upande wa pili oksidi ya lithiamu na kobalti, katikati utando wa plastiki unaozizuia zisigusane, na vyote vimelowa kimiminika ambacho kinashika moto haraka. Oksidi hiyo ya kobalti ni kazi ya John Goodenough na wenzake kule Oxford mwaka 1980. Sony ilitoa batri za lithiamu za kwanza sokoni mwaka 1991, na Goodenough alipata Nobel ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Kobalti yenyewe hatuna haja ya kwenda kuitafuta mbali. Zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka kwetu Kongo, na Kolwezi iko kilomita 300 hivi kutoka hapa ninapoandika. Inaondoka kwa lori, inarudi ndani ya sanduku la zawadi ya mtoto.

Juu ya batri utakuta maandishi ambayo wazazi wengi hawasomi. Ile ya mtoto wangu iliandikwa 2S, 7.4V, 5000mAh, 50C. 2S maana yake seli mbili zimefuatana. Kila seli ina volti 3.7 za wastani, kwa hiyo zikiwa mbili ni 7.4. Ukikuta 3S ni seli tatu, 11.1. Ile 5000mAh inasema kwamba batri ikijaa inaweza kutoa ampere 5 kwa muda wa saa moja. Na 50C, hapa ndipo watu wanapopotea, ni mwendo wa kutoa umeme wakati kagari kanakimbia. Haiko mwendo wa kusharji. Kusharji ni 1C: unachukua ile 5000mAh, unaigeuza kuwa ampere 5, hapo usipite. Batri ya 2200mAh inakula ampere 2.2. Kama kibandiko cha batri kinaruhusu zaidi, sawa, lakini sijaona mtoto aliyekufa kwa kungoja dakika 20 zaidi.

Namba za kuweka kichwani ni za seli moja moja. Seli iliyojaa ni volti 4.2, na hapo ni ukuta, hakuna 4.3. Seli ya kupumzika kabatini ni 3.8. Mchezo unasimama seli ikipumzika kwenye 3.5 hivi. Ikishuka chini ya 3.0, unaiua.

Nilikaa Jumapili nzima na ile sharjeri mbele yangu kutafuta nini kilitokea. Nilipoiwasha, kioo kiliandika NiMH. Siku chache nyuma nilikuwa nimesharji batri ya kagari ka zamani, aina ya nikeli, na sharjeri ilikumbuka kazi yake ya mwisho. Batri ya nikeli ya seli sita ni volti 7.2, lipo ya seli mbili ni 7.4, fisha yao kwangu ni ileile. Hakuna kitu kilichonikataza.

Lakini namna sharjeri inavyojua kwamba batri imejaa ni tofauti kabisa. Kwa lipo inasukuma ampere zilezile mpaka seli zifike 4.2, kisha inashikilia volti hapo na kuacha ampere zipungue zenyewe, mpaka zikibaki kidogo sana inakata. Kwa nikeli inasukuma tu na kungoja dalili moja: volti ya batri ya nikeli ikijaa inashuka kidogo. Lipo haionyeshi dalili hiyo. Sharjeri yangu ilikuwa inangoja ishara isiyokuja, na kila dakika inaongeza umeme. Ubaya juu ya ubaya, ile batri haikuwa tupu. Nilikuja kukumbuka kwamba niliijaza wiki tatu nyuma kwa mbio ambayo mvua ya kwanza ilizuia, nikaiweka hivyo kabatini. Basi tangu dakika ya kwanza kila ampere ilikuwa ya kupita kiasi.

Lithiamu ikitolewa kupita kiasi kwenye oksidi ya kobalti, oksidi inalegea na kuanza kuachia oksijeni. Upande wa grafiti, lithiamu isiyopata nafasi inaganda juu kama chuma, inaota miiba midogo inayoelekea kwenye utando. Kimiminika kinavunjika, kinatoa gesi, mfuko unavimba. Joto linapanda, utando wa plastiki unayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, pande mbili zinagusana, na kuanzia hapo hakuna swichi ya kuzima. Zingatieni ile oksijeni. Moto huu unakuja na sehemu ya hewa yake, ndiyo maana kuufunika na blanketi hakusaidii kama moto wa mafuta.

Kwa hiyo mbele ya kubonyeza, unasoma kioo kwa sauti: aina ya batri, hesabu ya seli, ampere. Nasema kwa sauti kweli, kama mtoto wa shule. Kwangu mtoto ndiye anayesoma na mimi ninajibu. Tena ingia kwenye mipangilio ya sharjeri, sharjeri nyingi zina kikomo cha muda na kikomo cha mAh. Yangu ilikuwa imewekwa juu kabisa. Kikomo cha mAh kikikaa juu kidogo ya kipimo cha batri yako, hata ukikosea aina, kitakata.

Kuna na ule waya mweupe mwembamba wenye fisha ya plastiki, nyaya tatu kwa 2S, nne kwa 3S. Wengi wanauacha ukining'inia juu kagari hakautumii. Ni wa kusharji. Kwa njia hiyo sharjeri inaona kila seli peke yake. Bila huo inaona jumla tu, na jumla inaweza kudanganya: 8.4 inaweza kuwa 4.2 na 4.2, lakini inaweza pia kuwa 4.35 na 4.05, na ile ya 4.35 iko njiani kuelekea kwenye fotei yako. Chagua kazi ya kusawazisha, ambayo kioo kinaandika BALANCE, na uchomeke fisha zote mbili kila mara. Kama sharjeri yako haina mlango wa waya mweupe wala kioo, ni ya nikeli au ni ya bei rahisi mno. Uza, au umpe mtu wa redio avunje vipande.

Kwa wasio na pesa ya kubadilisha sharjeri mara moja, nunueni walau kale kapimo kadogo kanakochomekwa kwenye waya mweupe na kuonyesha volti za kila seli. Ni kitu cha dola chache. Seli zikipishana zaidi ya 0.1, batri hiyo ichungwe. Zikirudia kupishana nyuma ya kusawazishwa, imezeeka.

Sasa tufike kwenye shida yetu wenyewe. Vitabu vyote na vibandiko vyote vinasema neno lilelile: usisharji ukilala, usisharji ukiwa haupo. Mzungu anayesoma hilo anasharji jioni akitazama mpira, basi. Sisi umeme unakuja saa saba ya usiku na kuondoka saa kumi na moja. Ukimwambia mzazi wa hapa asisharji usiku, anasikia asisharji kabisa. Nami niliona hivyo miezi mingi. Niliporudi kuhesabu nikaona tulikosa hesabu tu.

Chukua ile namba ya 3.8. Batri ya lipo haipendi kukaa imejaa, na haipendi kukaa tupu. Ikikaa kwenye 4.2 wiki nyingi, zaidi sana katika joto letu, inazeeka haraka na kutoa gesi polepole. Ikiachwa tupu inashuka yenyewe hadi shaba ya ndani inaanza kuharibika, na siku unaisharji tena ndiyo siku ya hatari. Katikati, kwenye 3.8, inatulia miezi. Sharjeri nzuri ina kazi inayoandikwa STORAGE, inaipandisha au kuishusha mpaka hapo. Kushusha kunachukua muda mrefu kwenye sharjeri ndogo. Njia ya haraka ni kumwachia mtoto azunguke lupango dakika chache, halafu upime. Kama mbio imefutwa, batri iliyojaa isikae hivyo zaidi ya siku mbili tatu. Ile yangu ya wiki tatu mmeona mwisho wake.

Na batri inayokaa kwenye 3.8 tayari iko karibu nusu. Kuimalizia kwa 1C ni dakika 40 hivi, na mwisho wake kidogo kwa kusawazisha. Huhitaji usiku mzima. Unahitaji saa moja ya umeme ukiwa macho, au huhitaji umeme wa mtambo kabisa: volti 7.4 mara ampere 5 kwa saa ni wati 37 kwa saa, nusu yake ni 18 na kitu, ongeza zile zinazopotea kwenye sharjeri tuseme 25. Batri ya gari kubwa ya volti 12, au ile ya pano ya sola inayowasha taa za nyumba, inatoa hizo kwa ampere 2 hivi kwa saa. Batri ya gari ya 60Ah haitasikia hata. Sharjeri nyingi za magari haya ya mchezo zina mlango wa pili wa volti 11 mpaka 18, pamoja na vibano viwili, chekundu na cheusi. Yangu ilikuwa nao tangu mwanzo, vibano vikiwa bado kwenye mfuko wa plastiki. Soma nyuma ya sharjeri yako kwanza, si zote zinao, na usigeuze chekundu na cheusi.

Tangu Novemba ile tunasharji Jumamosi saa tatu ya asubuhi, kwenye barza, kutoka kwenye batri ya sola, mtu mzima akiwa amekaa pale na chai. Umeme wa usiku tumeuachia telefone.

Kama bado unataka kutumia umeme wa prizi, sawa, mchana na ukiwepo. Delestaji ikikata katikati, chomoa batri kwenye sharjeri, usiache vikingojana. Umeme wetu ukirudi mara nyingine unarudi na nguvu ya kupita, mara nyingine dhaifu, na sharjeri ndogo haipendi vyote viwili.

Mahali pa kusharji. Barza yenye simenti ni nzuri. Chini ya batri weka tofali au bloki ya simenti, kando yake pasiwe na rido, matela, bidoni ya petroli wala makaa. Wanauza mifuko maalumu isiyoshika moto, inasaidia, lakini msiiamini peke yake. Mimi ninatumia chungu cha udongo kilichojaa mchanga mkavu chini na pembeni, na kifuniko cha bati kilichowekwa tu juu bila kufungwa. Kutofunga ni muhimu. Sanduku la chuma lililofungwa kabisa, gesi ikikosa njia, linakuwa bomu. Wenye masanduku ya chuma yenye mpira pembeni, toeni ule mpira au mtoboe matundu.

Kuhifadhi ni vilevile: chungu au sanduku, mahali pa kivuli, si ndani ya gari lililopaki juani, ambalo Oktoba linapita nyuzi 50, si juu ya kabati chini ya malata. Batri itoke ndani ya kagari. Hata swichi ikiwa imezimwa, mitambo mingine inaendelea kunyonya kidogo kidogo, nyuma ya wiki mbili unakuta volti 2. Nyaya nene zisigusane na funguo, misumari au sarafu. Na batri iliyotoka mbioni ikiwa moto, iache ipoe mpaka ishike joto la mkono wako mbele ya kuisharji. Kila mwezi au miwili pima, andika kwenye kibandiko.

Jambo moja nalitaja kwa wale mafundi wetu, nawajua. Batri ikishuka sana, sharjeri ya lipo inakataa kuisharji. Fundi anachagua NiMH, anaidanganya dakika chache ipande, kisha anarudi kwenye lipo. Na inapanda kweli. Unalipwa, mteja anaondoka na furaha, na kile kitu kinaenda kulala kwenye nyumba yake. Tafadhali.

Batri iliyovimba haisharjiwi tena, hata kama kagari bado kanakimbia. Haitobolewi ili gesi itoke. Iliyogonga ukuta kwa nguvu na kupata bonde, itoe nje, iache kwenye mchanga mbali na nyumba siku nzima mbele ya kuamua. Hasira yake inaweza kuchelewa. Kumaliza batri iliyokufa, funga balbu ya gari ya volti 12 kwenye nyaya zake, nje, juu ya mchanga, uiache mpaka izime na kapimo kasome sifuri, halafu iache kesho yake nzima. Kisha kata waya mmoja, uufunike na utepe, ndipo ukate wa pili. Wengine wanazitupa kwenye maji ya chumvi. Chumvi inakula masikio ya nje ya batri mapema, na ndani unabaki umeme usiouona. Jalalani usitupe. Jalala zetu zinachomwa, na kuko watoto wanaopita wakiokota vyuma. Mimi nazikusanya kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya lupango. Ziko nne sasa.

Na moto ukitokea? Watoto nje kwanza. Usivute ule moshi, una asidi ya floridi inayochoma mapafu, daktari wetu atawaeleza vizuri kuliko mimi. Kata umeme mbele ya kumwaga maji. Kama batri iko peke yake kwenye simenti, mchanga unatosha kuzuia mwali usiruke, iache imalizike yenyewe. Kama moto umeshika vitu vingine, maji, na maji mengi, kazi yake ni kupoza. Wengi tulisoma shuleni kwamba lithiamu na maji vinapigana, lakini ndani ya batri hii chuma cha lithiamu chenyewe ni kidogo sana, na fotei inayowaka ndiyo itakayokumaliza.

Kwa wale ambao ndugu zao wanaleta batri kutoka Ubelgiji au Dubai: ndani ya ndege zinakaa kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye valizi inayoshuka chini, kila moja ikiwa na nyaya zilizofunikwa. Kikomo cha kawaida ni wati 100 kwa saa kwa batri moja, na za watoto wetu ziko mbali chini ya hapo. Waambieni wazishushe mpaka 3.8 mbele ya safari.

Mkutano unaokuja nitafika saa moja mapema na kapimo, chungu changu na kipande cha ile batri iliyoungua, mama watoto ameniruhusu kukitoa kabatini. Kila mzazi wa yale magari 11 alete batri na sharjeri yake. Tutapima moja moja kwenye barza ya ukumbi, na itakayokuwa imevimba haitarudi nyumbani. Mtoto wangu ndiye atakayesoma vioo.